Bibi asitanuke, aikoni zisimkae usoni: mandhari ya kompyuta yako mwenyewe kwa GIMP

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa shule hapa Tanga. Natumia laptop ya zamani kidogo, kioo chake kinaandika 1366 kwa 768. Nina picha ya bibi yangu amekaa barazani na khanga yake. Binamu yangu aliipiga kwa simu akanitumia kwa WhatsApp. Nikiiweka iwe mandhari ya kompyuta, bibi anatanuka, picha inakuwa na ukungu, na aikoni zinamkaa usoni. Nimepakua GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure, nikaikatakata picha, nikahifadhi, lakini Windows haitaki kabisa kulipokea lile faili. Natamani pia maneno ya khanga yake yasomeke. Nimekosea wapi, na nianzie wapi? Picha nimeambatisha, pamoja na picha ya skrini yangu.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Picha yako nimeikodolea macho kwa muda kabla ya kuandika. Bibi ameweka mkono mmoja gotini, khanga ya rangi ya damu ya mzee imemfunika mabega, nyuma yake ukuta wa chokaa umetulia kivulini, na kwa mbali upande wa kulia jua la barabarani linawaka. Aliyepiga alikuwa na jicho. Kazi iliyobaki ni kumtafutia bibi nafasi kwenye kioo ambacho hakikutengenezwa kwa picha ya namna hii.

Umelalamikia mambo manne, na matatu kati ya hayo yana mzizi mmoja. Picha imesimama, kioo kimelala. Faili ulilonitumia lina pikseli, yaani vile vitone vidogo vinavyounda picha, 1200 kwa upana na 1600 kwa urefu. Kioo chako kina 1366 kwa 768. Ukiiambia Windows itumie "Stretch", inaivuta picha hadi ijae pande zote: upana unaongezeka kidogo, urefu unabanwa hadi chini ya nusu, na bibi anaonekana mnene zaidi ya mara mbili ya alivyo. Ukichagua "Fill", umbo lake linabaki salama, lakini picha inakuzwa mpaka upana ufike 1366, halafu ya juu na ya chini inakatwa. Kati ya urefu wote unaona kama asilimia 42 tu. Na kwa kuwa pikseli 1200 zimelazimishwa kujaza nafasi ya 1366, ukungu lazima uje. Hakuna kitufe cha Windows kitakachokutoa hapo. Ni lazima uitengeneze picha iliyolala, yenye pikseli 1366 kwa 768 kamili, na ndani yake umpangie bibi mahali pa kukaa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, hata wenye picha nzuri kuliko yako. Wanadhani mandhari ya kompyuta ni picha ya kutundika ukutani. Picha ya ukutani hakuna anayeibandikia karatasi juu, lakini mandhari ya kompyuta inabandikwa aikoni, majina ya mafaili, na ule mstari wa chini wenye saa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kupanga ni mahali patupu. Amua kwanza aikoni zitakaa wapi, kisha ndipo uamue mtu akae wapi.

Nadhani unakikumbuka kile kilima cha kijani chenye anga la buluu kilichokuwa kwenye kompyuta za Windows XP, ambacho kila aliyepita internet cafe zamani hizo alikiona. Kilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996 huko Sonoma, California, kwa kamera ya filamu. Itazame tena siku moja ukiwa na swali hili kichwani. Katikati hakuna kitu. Anga ni pana, nyasi ni pana, na kila mahali unapoweka aikoni inasomeka. Wewe una mtu kwenye picha yako, na mtu hawezi kuwa mtupu kama anga. Basi itabidi umkalishe upande mmoja na kuuacha upande wa pili upumue.

Kabla hujagusa chochote, mpigie binamu yako simu. Mwombe akutumie tena picha ile ile, safari hii kama hati na si kama picha. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hubanwa ili isile bando. Ikitumwa kama hati inafika ilivyo. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha ya pikseli 3000 kwa 4000 au zaidi, na yako inaonekana ilianzia hapo. Kama ameshaifuta, usikate tamaa. Nitakuonyesha kwamba kwa mpangilio ninaokupa hata hiyo ndogo inatosha, kwa sababu tutaipunguza na wala hatutaikuza.

Kisha tengeneza nakala. Naomba hili ulichukulie kwa uzito. Miaka mingi nyuma niliipunguza picha ya marehemu baba yangu hadi ukubwa wa kioo nilichokuwa nacho wakati ule, nikahifadhi juu ya faili lile lile. Mwaka alipofariki nilitaka kuichapisha kubwa kwa ajili ya fremu, na nikakuta ninachomiliki ni kipicha kisichozidi kiganja. Pikseli ukishazitupa hazirudi. Fungua folda, iite "asilia", weka humo picha kama ilivyotoka kwenye simu, na usiifanyie kazi kamwe. Fanyia kazi nakala.

Kuhusu programu yenyewe, hukukosea kuchagua. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo inaendelezwa na watu wa kujitolea. Ni ya bure na ni huria. Leseni yake inakuruhusu hata kulinakili faili la usakinishaji kwenye flash na kumpa mwalimu mwenzako, na kwa faili linalokula mamia ya MB, hilo ni jambo la maana. Ipakue gimp.org peke yake. Tovuti nyingine zinazojitangaza kuwa nayo zipite. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na linahitaji Windows 10 au mpya zaidi. Kama laptop yako bado ina Windows 7, tumia 2.10. Ninayokueleza hapa yanafanya kazi kwa matoleo yote mawili. Majina ya menyu nitayaacha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo utakavyoyaona kwenye kioo.

Sasa tuanze. Fungua nakala ya picha ndani ya GIMP. Bonyeza Shift na C upate kifaa cha kukatia. Usijali kuhusu 16 kwa 9 au uwiano mwingine wowote. Tunachotaka ni kupunguza ziada tu. Kwenye picha yako juu ya kichwa cha bibi kuna kipande kirefu cha ukuta na dari, na chini kuna sakafu tupu. Kata hivyo viwili. Acha juu ya kichwa nafasi ya kama upana wa kiganja chake, na chini acha mpaka miguuni pamoja na sakafu kidogo, kwa sababu mstari wa chini wa Windows utakula pikseli 40 hadi 48 na hutaki uikate miguu yake. Upana usiuguse. Kwa picha asilia utabaki na kitu kama 3000 kwa 3300. Kwa hiyo ya WhatsApp, 1200 kwa 1320. Bonyeza Enter.

Nenda menyu ya "Image", chagua "Scale Image". Kwenye urefu andika 768. Hakikisha kile kimnyororo kando ya namba kimefungwa, ili upana ujipange wenyewe, utasoma 698. Bonyeza kitufe cha kukubali. Umeona kilichotokea? Picha iliyokuwa ndogo mno kujaza kioo kizima sasa imekuwa kubwa kuliko inavyohitajika, na imepungua bila kuvutwa. Ukungu uliokuwa unakusumbua umeondoka kwa sababu bibi hatakiwi tena kujaza pikseli 1366, anajaza 698 tu. Utakuta pia dirisha lina sehemu ya "resolution" yenye 72 au 300. Iache hivyo hivyo. Namba ile ni ya mashine ya kuchapa, kioo hakiisomi, na nimewaona watu wakipoteza siku nzima wakiibadilisha.

Picha ikipunguzwa hulegea kidogo, hasa kwenye nyuzi za khanga. Menyu ya "Filters", kisha "Enhance", kisha "Sharpen (Unsharp Mask)". Radius weka 1, Amount weka 0.3. Ukiona mstari mweupe unaanza kumzunguka bibi kichwani, umezidisha, rudi nyuma.

Sasa uso. Kamera iliona jua la barabarani ikaogopa mwanga, ikafifisha kila kitu, na uso wa bibi ukabaki gizani. Menyu ya "Colors", kisha "Curves". Utaona mstari wa mshazari: chini kushoto ni giza, juu kulia ni mwanga. Bofya kwenye mstari, robo ya kwanza kutoka kushoto, uinue kidogo sana. Halafu bofya robo ya tatu na uirudishe pale mstari ulipokuwa, ili barabara isizidi kuungua. Uso utafunguka: utaiona mistari ya kicheko kando ya macho, na ule mng'ao mdogo wa kipini puani ambao kwa sasa hauonekani kabisa. Simama hapo. Kuna kishawishi cha kuendelea kuinua mpaka ngozi ibadilike rangi, na programu za simu zimewazoesha watu kuona ngozi nyeupe na laini kama plastiki ndiyo picha iliyotengenezwa vizuri. Usimpake bibi yako mkorogo kwa kompyuta. Kipimo changu ni hiki: mtu wa nyumbani akiiona aseme "huyu hapa bibi," asiseme "lo, amependeza, ni nani?"

Tunakuja kwenye sehemu ninayoipenda. Nenda "Image", kisha "Canvas Size". Hapa mnyororo ufungue. Upana andika 1366, urefu uache 768. Chini yake kuna sehemu ya "Offset"; kwenye X andika 668. Hiyo ni 1366 toa 698, maana yake picha inasukumwa mpaka ukingo wa kulia. Kubali. Bibi amekaa kulia, na kushoto kwake kuna uwanja mtupu wenye vimraba vya kijivu, alama ya GIMP kwamba hapo hapana kitu.

Rangi ya kuujaza uwanja huo usiifuate kwenye ile paleti ya rangi elfu. Ichukue kwenye picha yenyewe. Bonyeza herufi O, upate kichovya rangi, na ubofye kwenye khanga, pale kwenye mkunjo wa kivuli chini ya bega ambapo damu ya mzee inakaribia weusi. Hiyo ndiyo rangi yako. Majina ya aikoni za Windows huandikwa kwa herufi nyeupe, hivyo yanataka nyuma yake pawe na kiza cha wastani. Ungechukua rangi ya ukuta wa chokaa, yasingesomeka. Na kwa kuwa rangi imetoka kwa bibi mwenyewe, pande mbili za picha zitaongea. Tengeneza tabaka jipya, yaani karatasi nyingine ndani ya picha hiyo hiyo, kwa "Layer", kisha "New Layer", na pale penye "Fill with" chagua "Foreground color". Kwenye orodha ya matabaka liburute likae chini ya tabaka la picha.

Kwa sasa picha na rangi vimeachana kwa mstari wima, kama mlango uliofungwa. Tunataka ukuta uyeyuke taratibu ndani ya rangi. Bofya tabaka la picha, nenda "Layer", kisha "Mask", kisha "Add Layer Mask", chagua "White (full opacity)". Hii barakoa ni karatasi isiyoonekana iliyolazwa juu ya picha: ukiipaka nyeusi, picha inajificha, ukiipaka nyeupe, picha inaonekana, ukiipaka kijivu, inaonekana nusu. Picha yenyewe haijafutwa hata pikseli moja, na ndiyo sababu natumia barakoa na si kifutio. Bonyeza D ili rangi zirudi kuwa nyeusi na nyeupe, bonyeza G upate kifaa cha mpito wa rangi, na kwenye machaguo yake hakikisha mpito ni "FG to BG (RGB)". Weka kishale kwenye ukingo wa kushoto wa picha, shikilia, uburute kwenda kulia kama pikseli 220 huku umeshikilia Ctrl ili mstari usipinde. Achia. Ukuta unazama kwenye damu ya mzee kama kanzu inavyozama kwenye maji ya rangi. Kama mpito umemgusa bega, sogeza ncha yake kabla hujabonyeza Enter. Ukikuta umepaka picha badala ya barakoa, bonyeza Ctrl na Z, ubofye kile kimraba cheupe kando ya picha kwenye orodha ya matabaka, urudie.

Tazama kwa makini eneo la mpito. Kwenye kioo cha laptop ya zamani unaweza kuona michirizi ya wima, kama ngazi za rangi. Inatokea kwa sababu rangi mbili ziko karibu mno na kioo hakina hatua za kutosha kati yake. Dawa yake ni chenga kidogo. Bofya tabaka la rangi, nenda "Filters", "Noise", "RGB Noise", na viwango uviweke kwenye 0.02 hivi. Jicho halioni chenga, linaona rangi imetulia.

Sasa jaribio ambalo nawahimiza wanafunzi wangu wote kulifanya. Shikilia kitufe cha Windows na D ili madirisha yote yashuke, ubaki na aikoni zako. Bonyeza PrtSc. Rudi GIMP, nenda "Edit", "Paste As", "New Layer". Picha ya kioo chako imekuwa tabaka la juu. Shusha "Opacity" yake hadi 50. Utaona kila aikoni ilipo, jinsi ile safu ya kushoto inavyoshuka, na mstari wa chini unavyopita kwenye miguu ya bibi. Kwenye picha ya skrini uliyonitumia una safu tatu za aikoni, na ya tatu imejaa mafaili ya mitihani. Zote zitaingia kwenye zile pikseli 668 za kushoto na nafasi itabaki. Kama kitu kinagongana, ni sasa unakisogeza, kabla ya kutoa faili. Ukimaliza bofya kile kijicho kando ya tabaka hilo ulifiche. Usilifute, litakufaa siku nyingine.

Sasa lile faili lililokataliwa. Ulibonyeza Ctrl na S, GIMP ikakupa faili lenye mwisho wa .xcf, na Windows haijui la kufanya nalo. Hukukosea kuhifadhi hivyo, ila hukumaliza. XCF ni jikoni: matabaka, barakoa, maandishi, kila kitu kiko wazi, unaweza kurudi kesho ukaongeza chumvi. Lakini mgeni humpelekei sufuria mezani, unampakulia. Kupakua kwenyewe ni menyu ya "File", "Export As", au Shift, Ctrl na E kwa pamoja. Andika jina likiishia na .png, kwa mfano bibi-barazani-1366x768.png. Weka ukubwa ndani ya jina. Miezi sita ijayo utajishukuru. Jihadhari na kitu kimoja kwenye menyu hiyo hiyo ya "File": kuna mstari unaoanza na "Overwrite", na huo unaandika juu ya picha uliyoifungua. Ndiyo maana nilikusihi kuhusu nakala.

Kwa nini PNG na si JPEG? Kwa sababu Windows ikipokea JPEG iwe mandhari huibana tena yenyewe, kwa kiwango cha 85 kati ya 100. Kwa picha yenye majani na mchanga usingetambua. Kwako wewe, mwenye uwanja mpana wa rangi moja unaofifia, ungeona vimraba vimraba pale kwenye mpito tuliouhangaikia. PNG itakuwa nzito zaidi kwenye diski, lakini ni faili moja tu.

Kuiweka ni kazi ndogo: bofya faili kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Set as desktop background". Kama bado inaonekana kuvutwa, ingia "Settings", "Personalization", "Background", na pale pa kuchagua mkao weka "Fill". Kwa kuwa sasa pikseli zinalingana moja kwa moja na za kioo, hakuna kitakachokatwa.

Laptop yako ikisuasua wakati wa kazi hii, funga kivinjari kwanza. Ikizidi kugoma kuna Paint.NET, nyepesi na ya bure kwa Windows, ila barakoa za tabaka haina, na bila barakoa kazi hii ya kuyeyusha inakuwa ya kubabaisha. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote na barakoa inazo, lakini utahitaji intaneti kuifungua. Kwa mtu anayetaka kujifunza kitu kitakachomfaa miaka kumi, bado nakuelekeza GIMP.

Nimeliacha suala la maneno ya khanga mpaka mwisho kwa sababu lina mambo yake. Khanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Jina ndilo ulilolitaka, na kwenye picha limekunjika mapajani. Nimelikuza hadi mwisho na ninachosoma ni "HAUOZI" tu. Aliyekulia pwani atasema mara moja ni WEMA HAUOZI, nami nilitaka kuandika hivyo, nikajizuia. Muulize bibi. Huenda ni jina jingine, na huenda ana kisa cha nani alimpa khanga hiyo na kwa nini. Usiandike kwa kubahatisha maneno ambayo mtu ameyavaa mwilini.

Akishakuambia, fungua lile faili la XCF, bonyeza T, ubofye kwenye uwanja wa kushoto, chini, lakini juu ya mstari wa Windows kwa pikseli kama 60. Andika kwa herufi kubwa zote, kama khanga zinavyoandikwa, kwa fonti nene isiyo na mapambo. Fonti za mikato ya maua ziache. Jina la khanga limezoeleka kusomwa kwa mbali, mwenye kuivaa akiwa anatembea. Ukubwa wa pikseli 44 unatosha. Rangi chovya kwenye nyeupe ya mji wa khanga, ambayo kwa umri wake imekuwa ya maziwa, na hiyo inapendeza kuliko nyeupe ya kompyuta. Kisha punguza "Opacity" ya tabaka la maandishi hadi 80, ili yakae ndani ya picha yasielee juu yake. Rudisha lile tabaka la skrini kwa muda uone kama aikoni yoyote imelikalia jina. Kama hakuna, lifiche tena na utoe PNG nyingine.

Na mkienda kumuuliza, chukueni simu. Mwombe aikunjue hiyo khanga mkekani, kivulini, mpige kutoka juu bila mwanga wa flash. Khanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo haitajaa kioo chako kilicholala, lakini pindo peke yake, likikatwa utepe mwembamba, linaweza kusimama wima kwenye mpaka wa kushoto kabisa wa mandhari hii. Ukifika hapo, niandikie tena na uambatishe hiyo picha. Kuliunganisha pindo lijirudie bila kuonekana mshono kunataka maelezo yake peke yake, na ningependa kuona kwanza maua yake yamepangwaje.